Siku Niliyosema "Mimi ni Njaa"

Leo nataka kuwasimulieni habari ya safari yangu ya majuma mawili. Sikwenda kutembea, wala sikwenda kufanya biashara. Nilikwenda kujifunza lugha, nami nilikuwa mtu mzima wa miaka 46, mama wa watoto watatu, mwenye magoti yanayouma wakati wa baridi. Huenda mtauliza, "Mama huyu alikuwa na haja gani?" Subirini kidogo, nitawaelezeni.

Mimi ni mzaliwa wa Musoma, kando ya Ziwa Viktoria. Tangu mwaka 2009 nakaa Marekani katika mji wa Houston, jimbo la Texas, nami hufanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nchi ile ya Texas zamani ilikuwa sehemu ya Meksiko, na hata leo watu wengi sana huko husema Kihispania.

Kati ya wazee niliowatunza alikuwamo bibi mmoja mzaliwa wa Meksiko. Alipokuwa na nguvu zake alijua Kiingereza vizuri, akafanya kazi nacho miaka mingi. Lakini alipopatwa na ugonjwa wa kusahau, Kiingereza kilimtoka kidogo kidogo, akabaki na lugha aliyonyonya kwa mama yake. Ndivyo inavyowapata wazee wengi wenye ugonjwa ule: lugha iliyokuja nyuma hutangulia kuondoka.

Basi, usiku mmoja wa Januari 2022 nilikuwa zamu. Bibi yule akaanza kuita: "Tengo frío, tengo frío." Nikamletea maji. Akayasukuma kwa mkono. Nikamletea mkate, akageuza uso. Nikambadilishia shuka, nikamgeuza ubavu, nikampapasa kichwa. Yeye akazidi kusema maneno yale yale, kisha akanyamaza. Nikafurahi kwamba amelala.

Asubuhi binti yake alikuja, akamshika mikono, akaniangalia. "Dada," akasema, "mama anasikia baridi. Hakuwaambieni?"

Aliniambia usiku kucha! Na blanketi lilikuwa kabatini, hatua tatu toka kitandani. Tena ilikuwapo simu ya kumwita mkalimani, ambayo tungeweza kuipiga saa yo yote. Sikuipiga, maana nilijiona nimeelewa. Binti yule hakunigombeza hata kidogo. Afadhali angenigombeza.

FEDHA ZILIPATIKANAJE

Nilijaribu kwanza kujifunza kwa kitabu na kwa simu, jioni baada ya kazi. Nilipata maneno mengi, lakini mtu aliponisemesha masikio yangu yalikuwa kama yametiwa pamba. Mwenzangu mmoja kazini akanishauri niende mahali ambapo lugha ile ndiyo ya sokoni na ya jikoni, nikae humo nisiwe na njia ya kuikimbia. Hispania ni mbali na gharama yake ni kubwa. Yeye akanitajia nchi ya Guatemala, katika Amerika ya Kati, mwendo wa saa tatu hivi kwa ndege kutoka Houston.

Huko Guatemala, katika mji uitwao Antigua, kuna shule nyingi za kuwafundisha wageni Kihispania. Mojawapo ya zile za zamani ina jina la Francisco Marroquín, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Guatemala. Desturi ya shule hizo ni mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, saa nne kila siku, siku tano kwa juma. Mwanafunzi hulala katika nyumba ya watu na kula mezani pao. Hivyo saa za darasani zikiisha, darasa la nyumbani huanza.

Najua mwataka kusikia hesabu, maana sisi sote hupima safari kwa mfuko. Mimi nililipa dola 170 kwa juma kwa mafundisho, na dola 130 kwa juma kwa chumba na chakula mara tatu kwa siku, isipokuwa Jumapili. Kwa majuma mawili ikawa dola 600. Ndege kwenda na kurudi dola 320. Gari toka uwanja wa ndege na kurudi dola 30. Matumizi madogo madogo dola 110. Jumla yake dola 1,060. Wenzangu wengine hutumia fedha kama hizo kwa siku nne za kupumzika pwani.

Hata hivyo sikuwa nazo. Nilifanya zamu za usiku za ziada miezi mitano, na sisi akina mama wa kwetu tulioko Houston hucheza upatu, nikaomba zamu yangu iwe mwezi wa Februari. Wengine walinicheka: "Utalipaje fedha yote hiyo ili kujifunza kusema 'habari ya asubuhi'?" Sikuwaambia habari ya blanketi. Niliona haya.

MJI WENYE MAGOFU

Nilifika Antigua mwanzoni mwa Machi 2023, wakati wa Kwaresima. Mji wenyewe uko juu, kadiri ya mita 1,500 toka usawa wa bahari, umezungukwa na milima ya moto. Mmoja huitwa Agua, yaani maji, na mwingine Fuego, yaani moto. Huo Fuego si mlima wa mchezo. Tarehe 3 Juni 2018 ulilipuka ukaua watu wengi katika vijiji vilivyo chini yake, na siku nilizokuwapo mimi ulikuwa ukinguruma na kutoa moshi.

Zamani Antigua ulikuwa mji mkuu wa nchi. Mwaka 1773 matetemeko ya ardhi yaliubomoa, serikali ikahamia mahali pengine, ambapo leo ni jiji la Guatemala. Lakini watu wengine walikataa kuhama. Ndiyo maana mpaka leo utaona ukuta wa kanisa kubwa lisilo na paa, na kando yake mama anauza maembe.

Nyumba niliyopangiwa ilikuwa ya mama mmoja mjane. Alikuwa na watoto wawili, na mama yake mzazi, bibi kizee wa Kimaya, ambaye bado huvaa blauzi ya kufumwa kwa mkono kama walivyovaa mababu zake. Nchi ya Guatemala ina lugha za Kimaya 22, na lugha ya bibi yule ni Kikaqchikel. Asubuhi niliamshwa na mlio wa makofi: bibi na binti yake wakipiga chapati za mahindi kwa viganja. Mahindi yao huchemshwa kwanza kwa maji ya chokaa, ndipo husagwa. Chapati hizo na maharage meusi ndiyo ugali wao.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa makamo, mpole lakini asiyekubali uvivu. Tulikaa uani chini ya mti, meza ndogo kati yetu. Hakusema neno la Kiingereza. Nisipoelewa alichora, au alisimama akaigiza kama mtu wa mchezo.

Nawaambieni kweli, sisi tuliokulia katika Kiswahili tuna mali tusiyoijua. Herufi zao a, e, i, o, u husomwa kama zetu. Ile "ñ" yao ndiyo "ny" ya nyumba na nyama. Meza kwao ni mesa, bendera ni bandera, limau ni limón, sukari ni azúcar. Maneno mengine tuliletewa na Wareno, ambao lugha yao ni ndugu ya Kihispania. Mengine sisi na wao tuliyapokea kwa Waarabu. Wakiagana husema "hasta mañana", na ile hasta yao ni hata yetu: hata kesho! Misa kwao ni misa vile vile. Na neno Padre mnalolisema kila Jumapili, kwao maana yake ni baba.

Hata ile sheria yao ya kulinganisha majina na sifa, inayowatesa sana Wazungu, mimi haikunitisha. Mtoto aliyezoea kusema mti mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri, atashindwaje kukumbuka kwamba nyumba nyeupe ni casa blanca na kitabu cheupe ni libro blanco?

"MIMI NI NJAA"

Haya basi, siku ya tatu nilirudi toka shuleni nimechoka, nimeona harufu ya maharage, nikataka kuonyesha elimu yangu. Nikasema kwa sauti mbele ya wote: "Soy hambre!"

Kimya. Kisha watoto wakaangua kicheko mpaka mmoja akashika tumbo. Mama yao naye akafunika mdomo kwa aproni. Nikauliza nimekosa nini. Kumbe, nilikuwa nimesema: "Mimi ni njaa!"

Wasomaji, hapo nilishikwa na jambo jingine kuliko aibu. Nilirudishwa Musoma miaka ya 1980. Wazee wa kwetu wanajua kwamba pale Makoko, karibu na mji, mapadre wa Maryknoll walikuwa na chuo cha kuwafundisha wageni Kiswahili. Wanafunzi wa chuo walikuwa wakija sokoni na vijijini kujaribu maneno yao. Siku moja alikuja bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, uso mwekundu kwa jua. Alisimama mbele ya mama mwuza ndizi akasema, "Mimi ni njaa."

Sisi watoto tulimfanyaje? Tulimfuata barabara nzima tukipiga kelele: "Njaa! Njaa amekuja! Ficheni chakula!" Toka siku ile jina lake likawa Mama Njaa. Kila alipopita tulimwimbia. Baadaye hakuja tena sokoni. Mimi nilikuwa mmojawapo wa waliopiga kelele sana, na nilisahau jambo lile kabisa kwa miaka karibu arobaini.

Naam, deni la zamani hulipwa. Tofauti ni kwamba yule alikuwa na kundi la watoto nyuma yake, nami nilikuwa na watoto wawili tu, nao walinipakulia chakula.

Hata hivyo moyo wangu ulisinyaa. Kesho yake nilisema kidogo tu. Jioni nilikwenda kukaa na wanafunzi wengine wa kigeni, tukasema Kiingereza saa tatu. Raha iliyoje! Lakini nikaanza kuhesabu: kila saa ya Kiingereza nailipia kwa zamu ya usiku niliyoifanya Houston. Nilikuwa nanunua aibu yangu kwa bei kubwa.

Bibi kizee aliona. Jumamosi tulikuwa tunafua nguo pamoja penye birika la uani. Akaniambia polepole, akirudia kila neno mara mbili, habari zake mwenyewe. Alipokuwa msichana aliletwa mjini kufanya kazi katika nyumba ya watu, hajui Kihispania hata neno. Alitumwa chumvi akaleta sabuni. Watu wa nyumba ile walimcheka mpaka akawa anajificha asitumwe. "Lakini sokoni," akasema, "alikuwako mama mmoja mwuza nyanya. Yeye hakucheka. Alinishikia nyanya, akataja jina, akangoja niseme. Kila siku neno moja." Kisha akanitazama. "Poco a poco, mija." Maana yake, kidogo kidogo, mwanangu. Sisi tungesema, haba na haba hujaza kibaba.

MTAKATIFU ALIYESHINDWA MASOMO

Jumapili baada ya Misa mwalimu wangu alinipeleka kanisa la Mtakatifu Fransisko, lilipo kaburi la Mtakatifu Pedro wa Betancur. Wenyeji humwita Ndugu Pedro. Alizaliwa mwaka 1626 katika kisiwa cha Tenerife, akafika Guatemala mwaka 1651 akiwa maskini. Alitaka kuwa padre, akaingia shule ya Wajesuiti, lakini masomo yalimshinda. Alijitahidi sana, haikufaa, akaacha. Baadaye alifungua nyumba ya kuwatunza wagonjwa maskini waliotoka hospitali bila nguvu wala pa kwenda. Usiku alipita njiani na kengele yake. Alikufa mwaka 1667, na Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka 2002.

Mwalimu akasema kwa kicheko, "Unaona? Huyu naye alishindwa Kilatini." Nikacheka. Lakini nilipiga magoti pale muda mrefu, maana nilimwona ni mtu wa kazi yangu.

Jumatatu nikamwambia mwalimu habari yote: Makoko, njaa, na mwisho habari ya blanketi. Nilitumia maneno machache na mikono mingi. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa lugha ya kwenu husemaje mtu akitaka kula?"

"Nina njaa."

"Na akitaka maji?"

"Nina kiu."

Akaandika: tengo hambre, tengo sed. "Tengo ni nina," akasema. "Husemi wewe ni njaa. Unasema unayo. Kwa nini unapita Kiingereza? Pita kwenu."

Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Waingereza husema mtu "ni" mwenye njaa, "ni" mwenye baridi, nami kwa kuzoea lugha yao nilikuwa nikizunguka mbali kumbe njia ilipita mlangoni petu. Tengo sueño, nina usingizi. Tengo miedo, nina hofu. Tengo frío, nina baridi. Maneno ya bibi yule wa Meksiko yalikuwa rahisi kuliko yote!

Usiku ule baridi ilishuka toka milimani. Sisi watu wa ziwani hatuiwezi. Nilijikunja kitandani, magoti yakauma, mwisho nikatoka nje ya chumba. Bibi kizee alikuwa bado yu macho jikoni. Nikasimama mlangoni nikasema, "Tengo frío."

Hakuuliza neno. Aliinuka, akafungua sanduku, akatoa blanketi la sufu, akanifunika mabegani mwenyewe kwa mikono yake. Kisha akarudi kukaa.

Nililia, wasomaji. Yeye alidhani nalilia nyumbani.

NILIPORUDI

Sikurudi mjuzi. Majuma mawili hayamfanyi mtu kuwa mjuzi, na atakayewaambieni hivyo anawadanganya. Nilirudi na maneno mia chache, masikio yaliyofunguka kidogo, na sentensi moja iliyonifaa kuliko zote: "Más despacio, por favor," polepole zaidi, tafadhali.

Bibi yule alikuwa angali hai. Usiku wa kwanza nikamwendea nikamwuliza kama ana baridi. Akanikazia macho, akasema maneno marefu. Nikamwomba aseme polepole. Akasema tena. Hakuwa na baridi. Alitaka kujua nani anawalisha kuku wake. Kuku wale labda walikufa miaka sitini iliyopita, lakini nilimjibu kwamba wamekula wote, akalala. Alifariki mwezi wa Septemba mwaka ule. Siku zile zote nilielewa nusu ya maneno yake, na ile nusu nyingine nilipiga simu kwa mkalimani. Sasa naipiga bila haya.

Kwa msomaji anayetaka kujifunza lugha ya mbali, au hata lugha ya kabila la jirani, nasema haya. Weka fedha yako kwa mwalimu na kwa nyumba ya wenyeji, usiiweke kwa hoteli. Kwa Antigua epuka Juma Kuu, maana wageni hujaa na bei hupanda. Penda mahali pasipo na watu wengi wa lugha unayoijua; mji wa Quetzaltenango, katika nchi ile ile, wageni wake si wengi kama wa Antigua. Usikae kimya kwa kuogopa kukosea. Na kabla ya kutafsiri, uliza kwanza: kwetu tungesemaje?

Lakini ninyi mlio vijijini, ambao hamwendi po pote, nawaomba neno moja zaidi. Wageni watakuja kwenu: sista mpya, daktari, mkimbizi, mkwe aliyeolewa toka mbali. Atasimama mlangoni, naye atasema vibaya. Waambieni watoto wasimfuate barabarani. Mshikieni nyanya mkononi, mtajieni jina lake, mkangoje aseme.

Na kama yuko mtu wa Musoma anayemkumbuka yule bibi tuliyemwita Mama Njaa, na kama angali hai po pote alipo, amwambie kwamba mtoto mmoja wa sokoni anamwomba radhi.